Mashine mpya ya gemu: swali ambalo wazazi hawaulizi dukani

Mtoto akishajua kwamba kuna mashine mpya ya gemu imetoka, nyumba haitulii. Ataileta mezani wakati wa chakula, ataitaja njiani kwenda shule, na siku matokeo ya mtihani yakiwa mazuri ataikumbusha kama mtu anayedai deni. Mzazi naye kwa kawaida ana maswali mawili: inauzwa kiasi gani, na hii iliyopo nyumbani ina ubaya gani?

Kuna swali la tatu ambalo wachache hulifikiria: hiyo mashine itaishi? Mashine za gemu hufa zikiwa nzima. Inawaka, pedi zake zinafanya kazi, hata kava halijachubuka, ila hakuna kampuni inayoitengenezea gemu mpya. Mzazi aliyetoa fedha hana wa kumlalamikia, maana mashine haijaharibika.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka katika kampuni moja, Nintendo ya Japani. Mwaka 2006 ilitoa mashine iitwayo Wii, ikauzwa Marekani kwa dola 250. Wakati huohuo Sony walikuwa wakiuza PlayStation 3 kwa dola 500 na nyingine 600. Kwa nguvu na ubora wa picha, Wii ilikuwa nyuma sana. Lakini Marekani na Ulaya, ndani ya boksi lake mlikuwa na gemu ya tenisi, ngumi na michezo mingine, na mchezaji alishika kitu kama rimoti ya televisheni, akakirusha mkono kama anayepiga mpira. Bibi ambaye hajawahi kugusa gemu aliangalia mara moja, akaelewa, akasimama kucheza na wajukuu. Ziliuzwa zaidi ya milioni 100.

Miaka sita baadaye, kampuni hiyohiyo ikatoa Wii U. Ilikuwa mashine mpya kabisa, yenye pedi kubwa iliyokuwa na kioo katikati. Tatizo lilianzia kwenye jina. Ilipotangazwa mwaka 2011, kilichoonyeshwa zaidi ni ile pedi, na watu wengi waliondoka wakiamini kwamba ni kifaa cha kuongezea kwenye Wii waliyokuwa nayo tayari sebuleni. Sasa nani atoe dola 300 kwa ajili ya pedi? Mauzo yalikuwa mabaya kiasi kwamba mwaka 2014 rais wa kampuni, Satoru Iwata, alikata nusu ya mshahara wake kwa miezi kadhaa. Hadi utengenezaji unasimama Januari 2017, Wii U zilizouzwa hazikufika milioni 14.

Kilichowaumiza zaidi waliokwisha kuinunua kilikuwa kingine. Kwa watoto wengi wa huku kwetu, mashine ya gemu maana yake ni mpira: timu mbili, ndugu wawili, na kelele. Wii U ilipata FIFA 13. FIFA 14 haikuja. Wala hazikuja nyingine zilizofuata. Mtoto wa jirani mwenye PlayStation alikuwa na kikosi kipya kila msimu, na mwenye Wii U alibaki na wachezaji waliokwisha kuhama timu.

Hapa ndipo biashara hii ilipo ngumu. Kampuni inayotengeneza gemu hutazama kwanza ni nyumba ngapi zina mashine hiyo. Zikiwa chache, haiweki fedha zake hapo. Mnunuzi naye hutazama gemu zilizopo. Zikiwa chache, hanunui. Kila mmoja anamsubiri mwenzake aanze, na mashine inakufa katikati. Ndiyo maana watengenezaji wa mashine hukubali mara nyingine kuiuza kwa faida ndogo mno au hata kwa hasara: wanataka iingie kwenye nyumba nyingi haraka, kisha fedha zirudi kidogokidogo kupitia kila gemu inayouzwa.

Sega waliijua shida hiyo kabla ya Nintendo. Dreamcast yao ilianza kuuzwa Marekani Septemba 1999 kwa dola 199, bei nzuri kabisa, na gemu zake nyingi zilisifiwa. Lakini EA, kampuni yenye FIFA, haikuitengenezea hata gemu moja. Halafu mwaka 2000 ikaja PlayStation 2. Hii ilikuwa ghali zaidi, ila ilicheza filamu za DVD na ilipokea diski nyingi za PlayStation ya kwanza. Baba aliyekuwa akitafuta deki ya DVD alipata sababu ya kumkubalia mtoto. Mapema mwaka 2001 Sega wakatangaza kuacha kutengeneza Dreamcast, na hawajatoa mashine nyingine kama hiyo tangu hapo. PlayStation 2 iliuzwa zaidi ya milioni 150.

Jambo jingine linalogusa mfuko ni uhuru wa kuazimana. Mwaka 2013 Microsoft walitangaza Xbox One ya dola 499, ambayo ingetaka kuingia kwenye intaneti angalau mara moja kila saa 24, na ingeweka masharti kwa mtu anayetaka kuuza au kuazimisha diski yake. Sony wakajibu kwa video ya sekunde chache tu: mtu mmoja anamkabidhi mwenzake diski, basi. PlayStation 4 yao ilikuwa dola 399. Kelele za wateja zilikuwa kubwa, Microsoft wakayafuta masharti yale kabla hata mashine haijafika dukani, lakini sifa ilishachafuka. Mzazi wa mahali ambapo umeme na bando havina uhakika anaelewa kelele zile bila kuelezwa.

Tukirudi kwa Nintendo, Machi 2017 walitoa Switch, mashine inayochezwa kwenye televisheni na kubebwa mkononi. Safari hii hapakuwa na haja ya kumweleza mtu. Tangazo lilimwonyesha mchezaji akiichomoa kwenye stendi yake na kuondoka nayo. Mwezi uliofuata wakaleta Mario Kart 8, gemu ya mbio za magari ambayo ilikuwa imetoka kwenye Wii U mwaka 2014, ikiwa na nyongeza kidogo. Kwenye Wii U ilikuwa imeuzwa nakala milioni nane na kitu. Kwenye Switch imepita milioni 60. Gemu karibu ni ileile. Kilichobadilika ni nyumba iliyohamia.

Switch 2 ilitoka Juni 2025 kwa dola 450 huko Marekani. Inapokea gemu nyingi za Switch ya kwanza, na hilo si jambo dogo kwa familia iliyokwisha kununua kadi kumi za gemu. Ila baadhi ya gemu zake mpya huuzwa kwenye kadi ambayo gemu yenyewe haimo ndani. Kadi ni kama ufunguo: inaingizwa, kisha gemu yote inapakuliwa kwa intaneti, na inaweza kumaliza bando la mwezi kabla mtoto hajacheza hata dakika moja. Onyo limeandikwa mbele ya kasha, upande wa chini, kwa herufi ambazo mtoto aliyekwisha kuona picha ya Mario hana muda wa kuzisoma.