Je, Wajua? Maajabu ya Usingizi wa Mtoto

Saa mbili usiku. Mtoto wa miaka miwili macho yamemwiva, lakini anazunguka meza mbio, na kila akiambiwa twende tukalale anakumbuka kiu. Ndani ya mwili huo mdogo kuna mambo ya kustaajabisha.

Mwaka mzima umekwenda na usingizi

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa mwaka 1 hadi 2 alale saa 11 hadi 14 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Wa miaka 3 na 4, saa 10 hadi 13. Piga hesabu: anayetimiza miaka miwili amekwisha kulala kama mwaka mzima! Wala hajaupoteza, maana homoni ya ukuaji humiminika kwa wingi usingizi unapokuwa mzito.

Taa ya sebuleni huufukuza usiku

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, waliwaweka watoto 10 wa miaka 3 hadi 5 kwenye mwanga mkali kwa saa moja kabla ya kulala. Melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia, ilishuka kwa karibu asilimia 88, na dakika 50 baada ya mwanga kuondolewa bado ilikuwa chini. Mboni za watoto ni pana na lenzi za macho yao ni angavu, kwa hiyo mwanga unaotuelea sisi watu wazima wao huwazamia. Basi zima taa kubwa mapema, na televisheni pia.

Ikweta ni rafiki wa walezi

Nairobi, saa ya jua kuzama hubadilika kwa takribani nusu saa tu mwaka mzima. Stockholm, Uswidi, mwezi Juni jua huzama karibu saa nne usiku. Hebu fikiria kumshawishi mtoto alale huku nje kweupe! Giza tunalopewa bure, wenzetu hulitafuta kwa mapazia mazito.

Kinachomwamsha si kitanda

Hili ndilo linalonifurahisha kuliko yote. Watafiti wa taasisi ya RIKEN, Japani, walipima mapigo ya moyo ya watoto wachanga wanaobebwa. Mama akisimama na kutembea, kilio hupungua na moyo wa mtoto hutulia. Vitoto vya panya navyo hutulia hivyohivyo vinapobebwa. Mwaka 2022 wakaongeza jambo: tembea naye dakika 5, akisinzia keti naye dakika 5 hadi 8, ndipo umlaze. Wengi walioamka hawakushtuliwa na godoro, bali na ule wakati wa kubanduliwa kwenye mwili wa mama. Mbeleko inalijua hilo siku nyingi.

Tumbuizo la miaka 4,000

Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, lina kibao cha udongo kutoka Babeli chenye wimbo wa kumbembeleza mtoto ambaye kilio chake kimemsumbua mungu wa nyumba. Na mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwasikilizisha watoto wachanga 144 nyimbo za lugha wasizozijua: matumbuizo yaliwatuliza kuliko nyimbo nyingine. Imba tu, hata kwa Kimakonde.

Maji ya uvuguvugu hupoza

Mtoto akioga maji hayo kabla ya kulala, damu husogea kwenye ngozi, joto la ndani ya mwili likapata njia ya kutoka. Mwili unaopoa ndio unaoita usingizi.

Analia, kumbe amelala

Mtoto anayeweweseka saa za mwanzo za usiku anaweza kukaa kitako, macho wazi, jasho likimtoka, asimtambue hata mama yake. Usimtikise, kaa karibu asijiumize. Asubuhi hatakumbuka chochote.

Mambo yaleyale, kwa mpangilio uleule

Kuoga, kukandwa mwili, kisha utulivu, kila usiku kwa wiki 2. Katika utafiti wa mwaka 2009 uliohusisha akina mama 405 na watoto wao, watoto walisinzia upesi zaidi na kuamka mara chache usiku. Waliokwisha kujua kutembea walipunguza kuitaita na kutoroka kitandani. Watafiti wakawapima akina mama pia, wakakuta nyoyo zao zimechangamka.