Kompyuta Kuukuu: Tubadili Prosesa au Tuiache?

Kompyuta ya mezani inayokutwa kwenye steshenari nyingi za vijijini ni Dell OptiPlex au HP iliyotumika kwanza ofisini ng'ambo, kisha ikaingia nchini kama mtumba. Mashine ya namna hiyo ikianza kusuasua pale Kihurio, kwenye tambarare chini ya Milima ya Upare, huku mteja akisubiri fomu ya mkopo wa chuo ifunguke, wengi watasema tu: "Badili prosesa." Lakini kipuri kilichoagizwa Kariakoo kikigoma kuingia, hela na siku vimepotea. Kwanza tujue nani anamchelewesha nani ndani ya boksi.

Prosesa ya Intel Core i5-3470, iliyotoka mwaka 2012, hupiga mapigo bilioni 3.2 kwa sekunde. Diski ya kawaida huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Data inayotakiwa husubiriwa kwa wastani nusu mzunguko, takriban milisekunde 4, mpaka ifike kwenye kichwa cha kusomea. Katika muda huo prosesa imeshapiga mapigo zaidi ya milioni 13. Ni mashine ya kukoboa inayonguruma huku mpunga ukiletwa kwa kikombe. SSD, aina nyingine ya diski, haina sahani inayozunguka, hivyo kungoja huko hakupo.

Kupima hakuhitaji fundi. Mashine ikiwa imekwama, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha soma asilimia za prosesa, RAM na diski kwenye dirisha litakalofunguka. Diski ikiwa kwenye 100 na prosesa chini ya 20, tatizo ni diski. RAM ikiwa imejaa, ongeza RAM. Prosesa yenyewe ikikaa kwenye 100 muda wote wa kazi, hapo ndipo ina kesi ya kujibu.

Hata hivyo, prosesa haiingii popote. OptiPlex 790 ya mwaka 2011 na OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 zina soketi ya aina moja, LGA 1155. Lakini prosesa za kizazi cha tatu, kama hiyo i5-3470, zinakubalika kwenye 7010 tu. Chipu kuu za ubao wa 790 hazizitambui, na mwisho wake ni kizazi cha pili. Ndiyo maana kulinganisha pini peke yake hakutoshi: fuata orodha ya prosesa inayotolewa na mtengenezaji kwa modeli yako.

Kuna pia suala la joto. Kutoka i3-3220 hadi i5-3470 unapata kore nne badala ya mbili, lakini kiwango cha joto kinapanda kutoka wati 55 hadi 77. Feni hupoza kwa hewa iliyomo chumbani. Tuseme prosesa inafika nyuzi 70 chumba kikiwa na nyuzi 22. Chumba kikifika nyuzi 35, mchana wa Februari chini ya bati, prosesa nayo itakaribia 83. Vumbi likiziba feni, itapanda zaidi, na ikikaribia 100 hujipunguzia kasi yenyewe. Kasi uliyoilipia inayeyuka. Wakati mwingine kusafisha feni na kupaka upya krimu ya kupitishia joto kunatosha.

Jambo la mwisho ni programu. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka, kwa upande wa Intel, takriban prosesa zote ziwe za kizazi cha nane au zaidi. Hakuna prosesa ya LGA 1155 itakayokufikisha huko. Linux ni njia mojawapo iliyobaki kwa mashine hizo.

Basi fuata mpangilio huu: safisha, weka SSD, fikisha RAM GB 8, kisha pima tena. Prosesa ikiendelea kuzidiwa na orodha ya modeli yako ikaruhusu iliyo kubwa zaidi, inunue ikiwa mtumba. Isiporuhusu, fedha hiyo iweke akiba ya mashine ya kizazi cha nane.