Mfalme Mmoja, Majina Saba

Ukisimama mnadani Kibakwe, wilayani Mpwapwa, ukaita "Sele!", usishangae wakigeuka watu wa dini mbili. Yupo Selemani wa msikitini na yupo Sulemani wa kanisani, ambaye kwa Wakatoliki ni Solomoni. Misafara ya pembe kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipumzika Mpwapwa kabla ya kuingia Ugogo, na Uislamu ukapita njia hiyo hiyo. Miaka ya 1870 wamisionari wa Kianglikana wa CMS nao wakafika Mpwapwa na Biblia yao. Mfalme mwenye jina hilo ni yule yule, mwana wa Daudi.

Wayahudi wenyewe hawakuridhika na jina moja. Kitabu cha pili cha Samweli kinasema nabii Nathani alimwita Yedidia, kipenzi cha Bwana. Ongeza Sulemani na Koheleti, yaani Mhubiri, yanakuwa matatu. Marabi wakaongeza manne kutoka mwisho wa Mithali: Aguri, Yake, Ithieli na Lemueli. Wasomaji wengi wa Biblia huyapita majina hayo haraka wakidhani ni ya watu wengine.

La Lemueli lina kisa cha aibu. Marabi wanasimulia kwamba kwa miaka saba ya kujenga Hekalu mfalme hakuonja divai. Usiku alipomwoa binti Farao alikunywa, akalala na funguo za Hekalu chini ya kichwa chake. Ilifika saa nne asubuhi, nao walihesabu saa kama sisi, kuanzia macheo, na sadaka ya alfajiri haijatolewa. Aliyethubutu kumwamsha ni Bathsheba, mama yake, akamkaripia kama mtoto. Ndiyo maana, wanasema, Mithali 31 ni maneno ambayo Lemueli alifundishwa na mama yake.

Waislamu wanazo habari zao: hudihudi, chungu na majini katika Sura An-Naml, na katika Sura Sabaa mfalme aliyekufa ameegemea fimbo, majini wakiendelea kuchapa kazi mpaka mdudu alipoila fimbo na mfalme akaanguka. Wahabeshi nao walidai ukoo wake kupitia mwanawe Menelik, dai lililoandikwa hata katika katiba yao ya mwaka 1955.

Lakini hakuna kisa kinachonigusa kama cha Ashmedai, mfalme wa mashetani, katika Talmudi, kitabu cha mafundisho ya marabi. Sulemani aliamuru afungwe kwa mnyororo na pete vilivyochorwa Jina la Mungu. Siku moja, kwa kiburi, akamfungua na kumpa pete. Shetani akaimeza, akamrusha mfalme mbali, akakalia kiti chake. Sulemani akazunguka akiomba chakula mlango kwa mlango, akisema yeye ndiye Koheleti aliyekuwa mfalme Yerusalemu. Nani angemwamini? Wazee walishtuka waliposikia kwamba "mfalme" wa ikulu havui soksi, kwani miguu ya mashetani ni ya jogoo.

Kisa hicho kinajibu swali halisi: kwa nini Mhubiri anasema alikuwa mfalme, kana kwamba si mfalme tena? Talmudi inawataja walimu wawili, Rav na Shmuel. Mmoja alisema Sulemani alirudi kitini, mwingine akasema hakurudi kamwe. Mimi niko na huyu wa pili. Aliyerudishiwa kiti asingeandika kitabu chenye uchungu kama Mhubiri.