Bustani haifi kwa ghorofa, hufa kwa jeki na ndoo

Ukipanda matatu Migwani alfajiri, ukapita Mwingi, Matuu na Thika, unaweza kuvuka Mto Nairobi pale mzunguko wa Globe bila hata kuinua macho kwenye simu. Sikulaumu. Mtu aliyezoea mito yetu ya Ukambani, ambapo unachimba mchanga mpaka maji yatokee, ni vigumu kuamini kwamba ule weusi nao ni mto.

Siku moja shuka hapo. Fuata mto kando ya barabara ya Kijabe ukielekea Museum Hill, utakuta bustani ya Michuki. Ndiyo, ni yule yule waziri wa mikanda ya matatu na mstari wa manjano wa 2004. Alipopewa wizara ya mazingira 2008, aliuvamia mto huu kwa ukali ule ule: taka zikazolewa, waliokuwa wamejaa ukingoni wakaondolewa, miti ikapandwa. Alifariki Februari 2012, na bustani ikabaki na jina lake.

Jina tu. Fundi mmoja akaingia na jeki yake, mwingine akaja na ndoo ya kuoshea magari, na kabla watu hawajashtuka pakawa gereji. Mafuta na uchafu vikarudi mtoni. Siwalaumu sana mafundi, maana nao walitafuta riziki, lakini wewe na mimi tulipoteza kivuli.

Linganisha na Uhuru Park. Mwaka wa 1989, jengo la orofa 60 lilipopangwa kusimamishwa pale, Wangari Maathai alipiga kelele. Alitukanwa hadi bungeni, lakini mradi ukafa. Ghorofa kila mtu huliona. Jeki moja nani ataiandikia barua?

Bustani ya Michuki ilibidi ifufuliwe 2020 na NMS, idara iliyokuwa ikisimamia huduma za jiji wakati huo. Njia za kutembea zikatengenezwa, viti vikawekwa, miti ikaongezwa.

Hili linakuhusu wewe uliyekuja mjini kutafuta kazi, fare ya kurudi imekunjwa kwenye soksi. Hotelini huwezi kukaa saa mbili na chai moja bila weita kukusogelea na kitambaa akifuta meza iliyo safi. Chini ya mti, hakuna anayekuuliza umeagiza nini.