Njaa, Kitanzi na Macho ya Watazamaji

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi mamlaka inavyoweza kuwatawala watu kwa njia mbili zinazokwenda pamoja: kuwanyima chakula, na kuwalazimisha kutazama mauaji. Tutaanza na riwaya moja ya vijana, kisha tutaiangalia historia ya Nyanda za Juu Kusini, na mwishowe tutasoma sura moja ya Agano la Kale. Huenda msomaji akauliza mchungaji ana haja gani na riwaya ya vijana. Jibu letu ni kwamba hadithi hiyo inawauliza vijana swali ambalo sisi tumechelewa kuwauliza, nalo linahusu mambo yaliyotendeka katika nchi yetu wenyewe.

1. Riwaya

Mwaka 2008 mwandishi wa Marekani, Suzanne Collins, alichapisha riwaya iitwayo The Hunger Games. Sinema yake ilitoka mwaka 2012. Nchi inayosimuliwa humo inaitwa Panem, neno la Kilatini lenye maana ya mkate. Jina hilo linatukumbusha desturi ya watawala wa Rumi ya kuwatuliza raia kwa mkate na michezo ya uwanjani. Wilaya 12 za nchi hiyo ziliwahi kuasi zikashindwa. Kwa adhabu, kila mwaka kila wilaya hutoa mvulana mmoja na msichana mmoja, wenye umri wa miaka 12 hadi 18. Vijana hao 24 huuana uwanjani mpaka abaki mmoja, na raia wote hulazimika kutazama.

Jambo moja lastahili kuangaliwa kwa makini. Kijana maskini anaruhusiwa kupokea nafaka na mafuta kwa ajili ya jamaa yake, lakini kwa kila posho jina lake huongezwa katika kura ya kifo. Hivyo basi, njaa ndiyo inayomlisha mtawala wahanga wake. Tena wilaya zinagombana zenyewe kwa zenyewe, wala hazimtazami aliyezifunga.

2. Yaliyotendeka kwetu

Madibira iko penye mpaka wa Usangu na Uhehe. Siku hizi inajulikana kwa mashamba ya mpunga yanayomwagiliwa kwa maji ya mto Ndembera. Lakini katika karne ya 19 nchi hii ya mpakani iligombaniwa na Wahehe na Wasangu. Wajerumani walipofika waliutumia ugomvi huo. Wasangu wa Merere, waliokuwa wamefukuzwa kwao na Wahehe, waliungana na wageni dhidi ya Mkwawa, kisha wakarudi Utengule.

Mkwawa aliwashinda Wajerumani huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Ngome yake ya Kalenga ilianguka mwaka 1894, lakini kwa miaka minne zaidi aliendelea kuwakwepa, huku watu wake wakimficha na kumpelekea chakula. Mwezi Julai 1898, alipoona hana pa kukimbilia, alijiua kwa risasi. Hata hivyo mauti yake hayakutosha. Kichwa chake kilikatwa na kuchukuliwa, maana mtawala alihitaji kitu cha kuonyesha. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulidai fuvu hilo lirudishwe, lakini lilirudi Kalenga mwaka 1954 tu, likiletwa na Gavana Twining. Na mjini Iringa mtaa wa Kitanzini bado unalo jina ambalo wenyeji hulieleza kuwa ni kumbukumbu ya mahali walipotundikwa watu.

Vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905, njia zote mbili zilitumika kwa pamoja. Majeshi yalichoma vijiji na kuharibu mazao. Kapteni mmoja wa Kijerumani alimwandikia gavana wake kwamba ni njaa na dhiki tu zitakazowatiisha wenyeji kabisa. Makadirio ya waliokufa ni kati ya 75,000 na 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa, si risasi. Huko Songea, tarehe 27 Februari 1906, makumi ya viongozi wa Wangoni walinyongwa kwa siku moja.

Wala misheni haikuwa mbali. Mwezi Septemba 1905 kituo cha Kilutheri cha Yakobi, karibu na Njombe, kilishambuliwa. Machoni pa waasi, misheni na serikali vilikuwa kitu kimoja. Huko Songea padre Mbenediktini aliwabatiza wengi wa waliohukumiwa kabla ya kunyongwa. Hatuwezi kuudharau ubatizo huo, kwa kuwa neema ya Mungu haipimwi kwa mahali inapotolewa. Lakini hatuna budi kukiri kwamba watu wale waliandaliwa kwa kifo, na neno la kukipinga kifo chenyewe halikusikika kwa nguvu ileile.

3. Rispa binti Aya

Sasa tusome 2 Samweli 21. Kuna njaa ya miaka mitatu. Ili kuiondoa, wazao saba wa Sauli wanatundikwa mlimani, mavuno ya shayiri yakianza, na maiti zao zinaachwa hapo. Rispa, mama wa wawili miongoni mwao, anatandika gunia juu ya mwamba, akiwafukuza ndege mchana na wanyama usiku, mpaka mvua inanyesha. Hasemi neno hata moja katika sura yote. Ila Daudi anapopata habari zake, anakwenda kuichukua mifupa ya Sauli na Yonathani kutoka Yabesh-gileadi, nayo ya waliotundikwa inakusanywa, kisha wanafanyiwa maziko.

Wahubiri wengi huipita aya ya 14 kwa haraka. Hapo ndipo tunaposoma kwamba Mungu aliombeka kwa ajili ya nchi, na inasemwa baada ya maziko. Haisemwi baada ya kunyongwa. Damu ya wale saba haikuiponya nchi.

Jambo hilohilo limo ndani ya riwaya. Katniss, msichana anayesimulia, anaufunika kwa maua mwili wa Rue, mtoto wa wilaya nyingine, wakati ambapo yampasa kukimbia. Watu wa wilaya ya marehemu, maskini kuliko wengi, wanampelekea mkate. Hapo maonyesho yanavunjika: maiti imeheshimiwa, na chakula kimetolewa pasipo kura.

4. Wajibu wetu

Msalaba nao uliwekwa mahali pa watu kutazama, ili umati uogope. Mtume, katika Kolosai 2:15, anageuza mambo: wanaoaibishwa hadharani ni enzi na mamlaka. Anayehubiri Ijumaa Kuu katika nchi hii hana haja ya kutafuta mifano mbali.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba msamaha huko Songea. Tunalipokea neno hilo. Lakini na sisi tujihoji. Mwizi anapopigwa na umati sokoni, na wengine wakinyosha simu zao kupiga picha, Mkristo anasimama wapi? Je, nafaka ya diakonia inatolewa bila sharti, au mwenye njaa anadaiwa kitu kwa siri? Maiti wa mtu aliyechukiwa anapata mchungaji wa kumzika?

Rispa hakuwa na cheo wala silaha. Alikataa tu kuwa mtazamaji, akakaa na wafu wake mpaka mfalme akaona haya. Huduma hiyo iko ndani ya uwezo wa kila mtaa na kila usharika.