Muajemi aliyeandika Final Fantasy

Juzi usiku mwanangu aliamka kunywa maji, akanikuta sebuleni nimeinamia simu. "Baba, kuna msiba?" Hakuna msiba, mwanangu. Baba yako anacheza Final Fantasy VII. Najua kuna watakaosema saa ile ni ya tahajudi, na hawakukosea, lakini mimi na gemu hii tuna deni la zamani.

Mwaka 1998 nilikuwa mwanafunzi hapa Mombasa. Mtaani kwetu kulikuwa na duka dogo lenye PlayStation mbili, unalipa kwa nusu saa. Wenzangu walicheza mpira na ngumi, mimi nikavutwa na hii gemu ya Kijapani. Ni gemu ya hadithi. Unaongoza kundi la watu, mnasafiri, mkikutana na adui kila mmoja anangoja zamu yake ya kupiga au kuponya wenzake, na kila mkishinda mnaongezeka nguvu. Haishi kwa nusu saa wala kwa siku mbili. Duka halikuwa na memori kadi, kwa hivyo kila nikirudi nilianza upya, hadi nilipoazima kadi ya mtu.

Nikafika mwisho wa diski ya kwanza. Hapo Aerith, yule binti muuza maua, anauawa mbele ya macho yako, kisha mashine inakwambia utie diski ya pili. Gemu ina diski tatu, na dukani ilikuwapo hiyo moja tu. Nikakaa zaidi ya miaka ishirini na huzuni ile, sijui kisa kilikwisha vipi.

Kisa cha gemu zenyewe kilianza 1987. Kampuni ya Square huko Tokyo ilikuwa hali mbaya. Mwaka mmoja nyuma, wapinzani wao Enix walikuwa wametoa Dragon Quest na kuonyesha kwamba Wajapani wako tayari kununua hadithi ya kucheza. Hironobu Sakaguchi wa Square akaomba naye ajaribu. Husimuliwa kwamba jina lile, ndoto ya mwisho, lilitoka kwake mwenyewe, kwa kuwa ikifeli angeacha kazi arudi chuoni. Baadaye mwenyewe alieleza kuwa walichotaka ni herufi mbili za F tu, na chaguo la kwanza, Fighting Fantasy, lilikuwa tayari na mwenyewe. Mimi yote mawili nayakubali. Kampuni ilitaka kutoa nakala 200,000, yeye akasisitiza 400,000, maana zile chache zisingelipia hata gemu ya pili. Ikatoka Disemba 18, ikauzwa.

Muziki ulikuwa wa Nobuo Uematsu, mtu aliyejifunza mwenyewe. Picha zilichorwa na Yoshitaka Amano. Lakini programu, yaani ule mshipa wa ndani unaofanya kila kitu kitembee, iliandikwa na Muajemi: Nasir Gebelli, mzaliwa wa Iran aliyehamia Marekani na kupata sifa kwa gemu za kompyuta ya Apple II. Sakaguchi alikuwa akimhusudu tangu hapo. Kijapani hakukijua sawasawa, na bado gemu tatu za mwanzo ni kazi ya mkono wake.

Wakiwa katikati ya gemu ya pili, viza ya Gebelli ya kufanyia kazi Japani ikamalizika. Sisi wa Pwani tuliowahi kuzungushwa kwa sababu ya karatasi tunajua kawaida hadithi huishia wapi. Square hawakutafuta mtu mwingine. Walifunga mashine zao na vifaa vyao, wakamfuata Sacramento, California, na huko ndiko gemu ya pili na ya tatu zilikomalizikia. Timu nzima kumfuata fundi mmoja! Hiyo ya tatu, ya 1990, ina chombo cha angani kinachokwenda mbio ambayo watu hawakudhani mashine ndogo ile ingeiweza. Ilipita hadi 2006 ndipo ikaundwa upya.

Mengine wengi wanayajua. Mwaka 1996 Square walitangaza kuiacha Nintendo, ambayo kaseti zake zilikuwa na nafasi ndogo, wakaenda PlayStation na diski zake. Ndiyo ile namba saba iliyonifikia mtaani. Mwaka 2001 wakatengeneza filamu ya gharama kubwa iliyowatia hasara, na 2003 wakaungana na Enix, wapinzani wale wale. Namba 14, ya kuchezwa kwenye intaneti, ilitoka mbovu mwaka 2010. Walikubali makosa, wakaifunga, wakairudisha mpya 2013. Namba 16 imetoka 2023.

Jana usiku nimeimaliza ya saba. Mwanangu ananiuliza mwisho wake ukoje. Nimemwambia acheze mwenyewe, diski zote tatu zimo ndani ya simu.