Tarehe Inapovuka Mpaka: Ubadilishaji wa Thamani za Tarehe kati ya Seva na Programu ya Mtumiaji

Ikisiri
Makala haya yanafafanua jinsi tarehe inavyoweza kubadilika inaposafiri kati ya seva na programu ya mtumiaji. Yanadai kwamba chanzo cha kosa hilo ni cha kidhana kabla ya kuwa cha kiufundi: tarehe ya kalenda huchanganywa na nukta ya wakati. Yanapendekeza istilahi za Kiswahili zitakazotenganisha dhana hizo katika miongozo ya mifumo ya umma.

1. Utangulizi
Wazungumzaji wa Kiswahili wanaishi katika nchi ambazo saa zake hazilingani. Kenya, Tanzania na Uganda zimetangulia wakati wa marejeo wa kimataifa, UTC, kwa saa 3. Rwanda na Burundi kwa saa 2. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina kanda mbili: Kinshasa imetangulia kwa saa 1, Goma na Lubumbashi kwa saa 2. Hivyo, kila usiku kuna kipindi ambacho Kampala imekwisha kuingia siku mpya ilhali Kigali na Goma zingali katika siku iliyotangulia. Mfumo wa pamoja wa kumbukumbu za vizazi, chanjo au mitihani hauna budi kukabiliana na hali hiyo.

2. Thamani inavyosafiri
JSON, muundo unaotumiwa sana kubadilishana data, hauna aina maalumu ya tarehe. Kwa hiyo tarehe husafirishwa ama kama namba, yaani idadi ya sekunde au milisekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa UTC, ama kama maandishi. Kwa maandishi, kiwango cha ISO 8601, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1988, hutanguliza mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Kiwango hicho huondoa utata wa maandishi kama 05/03/2024, ambayo msomaji wa Nairobi huyaelewa kuwa 5 Machi na wa Marekani kuwa 3 Mei. Hata hivyo, hakiondoi utata wa pili, ambao ni mkubwa zaidi.

Tuchukue mfano wa mtoto aliyezaliwa tarehe 5 Machi 2024. Karani aliyeko Kampala anaichagua tarehe hiyo katika fomu. Programu yake inaifanya kuwa usiku wa manane wa Kampala, kisha inaigeuza kuwa UTC: 2024-03-04T21:00:00Z. Seva ikiondoa sehemu ya saa, kinachobaki ni 4 Machi. Hata isipoiondoa, programu iliyoko Bujumbura itasoma saa 23:00 ya tarehe 4 Machi. Kila hatua ni sahihi kihesabu, lakini mtoto amepewa siku nyingine ya kuzaliwa. Pale ambapo haki ya kuandikishwa au kulipwa hutegemea umri, siku moja yatosha kumweka mtu nje ya sharti. Na nyaraka mbili zinazopingana humletea usumbufu mwenye nyaraka, si mwandishi wa programu.

Tarehe ya kuzaliwa haina saa wala ukanda wa saa. Inapasa kutumwa kama 2024-03-05 na kubaki hivyo hadi ionyeshwe. Hapa pia tahadhari inahitajika: katika lugha ya JavaScript, maandishi hayo yakigeuzwa kuwa thamani ya aina ya Date huchukuliwa kuwa usiku wa manane wa UTC, na mtumiaji aliyeko New York huweza kuonyeshwa 4 Machi. Kinyume chake, muda wa kutuma fedha ni nukta ya wakati: uhifadhiwe kwa UTC na ugeuzwe kuwa saa ya mahali wakati wa kuonyeshwa tu.

3. Mchango wa lugha
Kiswahili kinaujua utata wa mpaka wa siku. Usemi “usiku wa kuamkia Jumatano” hutaja siku inayokuja ili msikilizaji asikosee usiku unaokusudiwa. Vilevile, tunahesabu saa kuanzia mapambazuko: 08:00 ni saa mbili asubuhi. Tofauti hiyo ya saa sita si ukanda wa saa, bali ni kanuni ya lugha. Ikiingizwa katika thamani inayohifadhiwa, itaharibu kumbukumbu. Ikipuuzwa katika kuonyesha, itampotosha msomaji. Programu inayotafsiri neno bila kutafsiri hesabu huandika “saa 8:00 asubuhi”. Mgonjwa aliyepangiwa miadi kwa maneno hayo hajui aende asubuhi au mchana, kwa kuwa kwake saa nane ni ya mchana au ya usiku.

4. Hitimisho na mapendekezo
Miongozo ya mifumo inapotumia neno “tarehe” peke yake, mwandishi wa programu huachiwa uamuzi usiokuwa wake. Tunapendekeza istilahi tatu. Tarehe ya kalenda ni siku isiyo na saa, kama ya kuzaliwa. Nukta ya wakati ni tukio lililokwisha kutokea, linalohifadhiwa kwa UTC. Wakati wa mahali ni miadi ijayo, inayohifadhiwa pamoja na jina la ukanda wake, kwa mfano Africa/Kigali. Kila uga wa tarehe katika mfumo wa umma utajwe ni wa aina ipi kabla ya mfumo kujengwa, na majaribio yafanywe kwa vifaa vilivyowekwa katika kanda tofauti, hususan katika saa zinazokaribia usiku wa manane. Saa ya Kiswahili ishughulikiwe katika hatua ya kuonyesha pekee. Maamuzi haya yanahitaji wanaisimu na wahandisi kuketi meza moja mapema, kwani kumbukumbu iliyokwisha kupoteza siku haionyeshi dalili yoyote kwamba imeipoteza.